Kona Isiyofungana: Lawama ni ya Wembe, Mashine, Kadi au Mkono?

Fundi wa fremu akishapata mashine ya kukatia kadi, malalamiko ya wateja hubadilika. Zamani walilalamikia kioo chenye ufa au mbao zilizoachana kwenye pembe. Sasa mtu anakuja kuchukua cheti chake kilichozungushiwa kadi nyeupe, anakiinua kwenye mwanga, anauliza: mbona kona hii ina mkwaruzo uliopitiliza? Mbona kadi huku juu ni pana kuliko kule? Mafundi nao hawana jibu moja. Mmoja anasema wembe umechoka. Mwingine anasema mashine imetoka skwea. Wa tatu analaumu kadi ya bei rahisi, na mwenye mashine analaumu kijana aliyeishika. Kwa kuwa kila mmoja amewahi kupatia, hakuna anayekubali kushindwa.

Uchambuzi huu unashika upande mapema. Visababishi vyote vinne ni vya kweli, ila havilingani kwa uwezekano wala kwa gharama ya kuvikagua. Anayekimbilia skrubu kabla ya kuangalia wembe hutengeneza kosa la pili juu ya la kwanza, na baada ya hapo ni vigumu kujua lipi lilitangulia.

Kazi inatoka wapi

Simiyu ilipomegwa kutoka Shinyanga na kuwa mkoa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu, na pamoja na ofisi zikaja kuta za kutundikia picha. Ofisi ya umma huweka picha ya Rais aliye madarakani na ya Baba wa Taifa. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, kufuatia kifo cha John Magufuli, picha zilipaswa kubadilishwa kuanzia wizarani hadi ofisi ya kata. Ongeza vyeti vya shule, mahafali, kipaimara, harusi, na picha ya marehemu inayotakiwa kesho asubuhi kabla ya mazishi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoharibu kadi nyingi, maana hufanywa usiku, kwa haraka, bila jaribio.

Katika kata kama Sapiwi, wilayani Bariadi, kazi hizi zipo lakini ni chache, tena zinakuja kwa vipindi. Pamba ikishauzwa, watu wana fedha ya kutengeneza picha ya harusi iliyokaa kwenye bahasha tangu mwaka jana. Duka la kadi na nyembe maalumu halipo mlangoni, hivyo kifaa kikikorofisha fundi hujitibia mwenyewe kwa alichonacho: bisibisi, alenki na wembe wa kunyolea.

Si kila picha inahitaji kadi. Michoro ya Tingatinga, kwa mfano, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuichora Dar es Salaam kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta, hujaza uso wote hadi ukingoni, na kuizungushia kadi ni kuibana bure. Kadi ina maana kwa picha za karatasi. Inatenganisha picha na kioo, kwa sababu picha iliyogusana na kioo hunyonya unyevu ikaganda, na kuibandua ni kuichana. Pia inalipatia jicho mahali pa kupumzika kabla halijafika kwenye picha yenyewe.

Mashine inafanya nini hasa

Mashine za aina hii, ziwe Logan ya mezani au Fletcher ya karakana kubwa, zina sehemu zilezile. Kuna ubao wa chini, reli ya chuma, kichwa chenye wembe kinachoteleza kwenye reli hiyo, kizuizi cha kupimia upana wa pambizo, na mkono wa pembeni wa kuweka kadi skwea. Hakuna umeme, na huo ni ubora wake mkubwa kijijini.

Kadi hulazwa uso chini. Wembe huingia kwa mshazari wa nyuzi 45, ukaacha ukingo mweupe unaoonekana kwa mbele kama mstari safi kuizunguka picha. Uzuri wote wa kazi uko kwenye mstari huo mwembamba, na shida zote zinatoka humo humo. Kadi ya kawaida ina unene wa karibu milimita 1.4. Kwa kuwa wembe unapita kwa mshazari, unasafiri karibu milimita 2 ndani ya kadi hadi kutokea upande wa pili. Kwa hiyo wembe unatakiwa kuchomoza milimita 2 na chembe tu ya ziada, kiasi cha kukwaruza kipande cha kadi chakavu kilichotandikwa chini.

Mshazari huo unaleta jambo la pili ambalo wengi hawalitarajii. Dirisha la mbele ni kubwa kuliko la nyuma, kwa takriban unene wa kadi kila upande. Fundi anachora mistari nyuma, lakini kona zinazoonekana zinafungana mbele, hivyo wembe lazima upitilize kidogo makutano ya mistari. Ukipitiliza pungufu, kipande cha katikati kinagoma kudondoka. Ukizidi, mkwaruzo unaonekana. Fundi akibadilisha kadi kutoka nyembamba kwenda nene, kipimo cha kusimama kinabadilika ingawa hakuna aliyegusa mashine. Akishusha wembe zaidi, kinabadilika tena. Vipimo hivi vimefungamana, na ndiyo sababu anayerekebisha viwili kwa mpigo hapati jibu.

Wanaosema ni wembe

Kundi hili ndilo lenye hoja nyepesi kuijaribu. Wembe butu haukati nyuzi za karatasi, unazivuta. Ukingo unatoka na manyoya, hasa mwishoni mwa mkato, na kichwa kinakuwa kizito mkononi. Bei ya wembe mmoja ni ndogo mno ukiilinganisha na karatasi nzima ya kadi, kwa hiyo kuubadilisha ni kipimo rahisi kuliko vyote.

Hoja yao ina nguvu zaidi kwenye tatizo la ndoano. Ndoano ni ule mpindo mdogo mwanzoni mwa mkato: milimita chache za kwanza zinakwenda pembeni, kisha mstari unanyooka. Hutokea kwa sababu wembe unapobofywa kuingia unapinda kabla ya kutulia. Ukakamavu wa bati jembamba hukua kwa mchemraba wa unene wake. Wembe wa kunyolea una unene wa milimita 0.1, wembe wa mashine hii una 0.3. Tofauti ya mara tatu kwa unene ni mara ishirini na saba kwa ukakamavu. Fundi aliyekata wembe wa kunyolea akaupachika kwenye kichwa cha mashine ameokoa shilingi chache, na amejipatia ndoano kwenye kila kona. Hapo mashine haina kosa hata chembe.

Zipo pia nyembe nene zaidi, za milimita 0.38, zenye ukakamavu maradufu ya zile za 0.3. Ndoano inapungua. Lakini kuzisukuma ndani ya kadi kunahitaji nguvu zaidi, na nguvu ikizidi kichwa kinayumba kwenye reli. Kwa kadi nyororo, nyembe za 0.3 zinatosha, kwa kadi ngumu au iliyogandishwa tabaka mbili, nene ina faida.

Udhaifu wa kundi hili ni kudhani kwamba wembe mpya ni wembe sahihi. Wembe mpya uliochomoza milimita 4 unapinda kuliko mkongwe uliochomoza 2, kwa sababu sehemu inayoning'inia bila kushikwa ni ndefu. Wapo wanaoshusha wembe hadi mwisho ili wahakikishe umekata, kisha wanashangaa mstari ukipindapinda. Kabla ya kusema wembe ni mbovu, lazima kina chake kipimwe.

Wanaosema mashine imetoka skwea

Hili ndilo kundi la mafundi seremala, na linaaminika kwa sababu linazungumza lugha wanayoijua. Dirisha likipinda, reli na mkono wa pembeni haviko pembe mraba. Hoja yao ina hesabu nyuma yake: kosa la nusu nyuzi tu, ambalo jicho halilioni kwenye mashine, linakuwa karibu milimita 3.5 kwenye urefu wa sentimita 40. Kwenye fremu ya A3 kila mtu ataliona.

Namna ya kulithibitisha ni nzuri, na haihitaji kifaa chochote. Kata kipande cha kadi kwa wembe wa wima, ukiwa umekiegemeza kwenye mkono wa pembeni. Chukua vipande viwili vilivyopatikana, kimoja kigeuze uso chini, kisha viweke tena ukingo kwa ukingo, vyote vikiegemea ule ule mkono. Vikigusana kuanzia juu hadi chini, mashine iko skwea. Ukiona mwanya wenye umbo la kabari, kosa la kweli ni nusu ya unachokiona, kwa kuwa kugeuza kumelizidisha mara mbili. Mwanya wa milimita 2 ni kosa la milimita 1, na skrubu izungushwe kwa kiasi hicho. Wengi huzungusha kwa kiasi walichokiona, wakapitiliza upande wa pili, na jioni nzima ikaishia hapo.

Tatizo la hoja hii ni kwamba inasahau kadi yenyewe. Mashine hupima pambizo kutoka ukingo wa nje wa kadi. Kama kipande kilikatwa kwa rula na kisu huko nyuma, na pembe zake si mraba, dirisha litafuata ukingo uliopinda hata mashine ikiwa imetoka kiwandani leo. Kanuni ya 3, 4, 5 ambayo mafundi ujenzi huitumia kwenye msingi wa nyumba inafaa hapa: sentimita 30 upande mmoja, 40 upande wa pili, na kati ya alama hizo ziwe 50 kamili. Kadi ikifeli kipimo hiki, mashine isiguswe.

Kuna pia kosa ambalo si la skwea ingawa linafanana nalo. Pambizo ikiwa pana upande mmoja wa mkato kuliko upande wa pili, aghalabu kizuizi cha kupimia hakiko sambamba na reli. Hupimwa kwa rula kutoka kwenye reli hadi kizuizi, juu na chini, na vituo vyake viwili hurekebishwa kimoja kimoja. Na mteja anayelalamika kwamba chini ni pana kuliko juu aulizwe kwanza kama fundi hakufanya makusudi. Desturi ya zamani ya fremu ni kuongeza pambizo ya chini kidogo, kwa kuwa jicho huona picha iliyo katikati kamili kama inayoteremka.

Wanaolaumu kadi na hali ya hewa

Karatasi hunywa unyevu na kuutoa. Kadi iliyoegemezwa ukutani msimu wa mvua inalegea na kujipinda, na wembe unapita ndani yake ukichana badala ya kukata. Kadi hiyo hiyo kiangazi, ikiwa kavu, inakata vizuri kwa wembe ule ule. Fundi anayehifadhi kadi zimelala bapa, zimeinuliwa kutoka sakafuni, zimefunikwa nailoni, ameondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, na ameziokoa na mchwa pia.

Wapo wasiokata kadi halisi kabisa. Wanagandisha manila mbili au tatu, au wanatumia boksi lililobandikwa karatasi nyeupe. Gundi ikikauka vibaya, wembe unakutana na ngumu na laini kwa zamu, ukayumba. Boksi lenye mawimbi katikati halitoi ukingo mweupe hata kwa mashine ya gharama kubwa, linatoa matundu. Hapo kundi hili limepatia bila ubishi.

Lakini lina hoja nyingine ambayo haihusu mkato, na pengine ndiyo nzito zaidi. Kadi ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa majimaji ya mbao hubeba asidi. Baada ya miaka, ukingo mweupe unageuka manjano, na mstari wa kahawia unahamia kwenye picha kuizunguka. Kadi inayodumu hutengenezwa kwa nyuzi za pamba. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na kadi ya pamba inayoingia humo inatoka ng'ambo kwa bei isiyoshikika. Kwa picha ya ofisi itakayobadilishwa baada ya uchaguzi, asidi si hoja. Kwa picha pekee ya babu iliyobaki, ni hoja, na mteja anastahili kuambiwa kabla ya kulipa. Kadi nyingi zilizotibiwa asidi huwekwa chokaa ndani, nayo hula makali ya wembe upesi. Anayechagua kadi bora ajiandae kubadilisha nyembe mara nyingi zaidi.

Wanaolaumu mkono

Hawa husikika zaidi pale mwenye mashine si mtumiaji wake. Wana ukweli kidogo. Mkono unaobonyeza kichwa kuelekea nje badala ya kukikandamiza kwenye reli unapindisha mstari. Anayesimama katikati ya mkato na kuanza tena anaacha kovu. Na anayeweka kadi na sehemu ya dirisha upande usio wake wa reli anapata mshazari uliogeuka: ukingo mweupe unakwenda na kipande kinachotupwa, fremu inabaki na ukingo mkali usioonekana mbele.

Hata hivyo, lawama hii hutumika kuficha kichwa kinachocheza. Kishike na kukitikisa kushoto na kulia bila kukata. Kikigonga, mwenye kosa si kijana. Mashine nyingi zina skrubu ndogo za pembeni za kuondoa mchezo huo, na nyingine zinahitaji tu reli ifutwe vumbi. Isipakwe mafuta ya baiskeli: yanakusanya vumbi la kiangazi na kuacha doa kwenye kadi nyeupe.

Wanaotaka kuiacha mashine

Kundi la tano linasema mashine ni anasa. Kata kwa rula ya chuma na kisu cha karatasi, wima, basi. Kwa pambizo nyembamba na kadi nyembamba, matokeo yanakubalika, na ukingo mweupe haupo wa kuharibika. Wengine huagiza kadi zilizokatwa tayari kutoka Mwanza, ambazo huja kwa saizi chache. Cheti kisicholingana na saizi hizo kinapunguzwa kwa mkasi, jambo ambalo halifai kabisa kwa cheti. Wapo pia wanaoacha kadi na kuweka vijiti vyembamba kati ya kioo na picha, vifichwe na mdomo wa fremu. Kwa kuzuia picha isigande kwenye kioo, njia hii ni halali, na ni rahisi kuliko zote.

Kinachopotea ni uhuru wa kipimo. Mwenye mashine anaweza kukata dirisha la A4 lenye sentimita 29.1 kwa 20.4, yaani milimita 3 za kushikilia karatasi kila upande, na kesho yake akakata la postikadi. Ajihadhari tu na mashine zenye alama za inchi. Anayepima picha kwa sentimita na kuweka kizuizi kwa inchi anazidisha au kugawa kwa 2.54 kila mara, na makosa mengi yanayoitwa ya mashine ni ya kugawa. Tepu yenye pande zote mbili, au mstari mpya wa sentimita uliobandikwa pembeni ya ule wa inchi, unamaliza suala hilo.

Kwenye mizani

Namna kosa linavyojitokeza ndiyo inayoelekeza kwa mkosaji. Kosa linalojirudia pale pale, kwa kiasi kile kile, kwenye kadi tatu tofauti, ni la mashine. Linalohama, leo kona hii kesho ile, ni la kadi au la mkono. Linaloanza dogo na kukua kadiri kazi inavyoendelea ni la wembe. Kundi la skwea linapoteza nguvu hapa, kwa sababu mara nyingi linahukumu kwa kadi moja.

Kuna mtuhumiwa mmoja ambaye makundi yote yanamsahau: kile kipande chakavu kilichotandikwa chini. Kikitumika siku nyingi kinajaa mifereji, na ncha ya wembe ikiingia kwenye mfereji wa zamani inaufuata badala ya kufuata reli. Ukingo unachanika upande wa mbele, ule unaoonekana, na ndoano inazaliwa hata kwa wembe mpya. Kukisogeza sentimita moja, au kukigeuza, ni bure, kwa hiyo ndio uwe ukaguzi wa kwanza. Baada yake uje wembe na kina chake, kisha pembe za kadi, kisha mchezo wa kichwa. Skrubu za skwea na za kizuizi zifuate mwisho. Fundi cherehani hubadilisha sindano kabla ya kugusa mvutano wa uzi, na hapa mantiki ni ile ile.

Skrubu ikibidi kufunguliwa, chora kwanza mstari wa penseli au mkwaruzo unaoonyesha ilipokuwa. Igeuze moja tu, kata kwenye chakavu, pima. Dirisha la A4 lililotajwa hapo juu linapaswa kuwa na sentimita 35.5 kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Pande zinazotazamana zikiwa sawa na mishazari hiyo ikilingana, pembe ni mraba na hakuna cha kurekebisha tena. Kona iliyokatwa pungufu isivutwe kwa mkono. Imaliziwe kwa wembe ulioshikwa kwa mshazari ule ule, kutoka nyuma. Iliyopitiliza kwa nusu milimita huweza kusuguliwa kwa kitu laini cha mviringo, kama mgongo wa kijiko, na haitaonekana nyuma ya kioo. Iliyopitiliza milimita mbili haiokoleki, na bora igeuzwe kuwa kadi ya picha kubwa zaidi.

Inabaki hoja ya fedha. Karakana ya Bariadi mjini yenye oda za ofisi na shule inaweza kuhalalisha mashine ya mezani yenye mkono wa skwea. Kwa fundi wa Sapiwi anayepata oda chache kwa mwezi na nyingi baada ya msimu wa pamba, kifaa kidogo cha mkononi kinachoteleza kwenye rula nzito kinafanya mkato ule ule wa nyuzi 45. Hakina mkono wa pembeni wa kutoka skwea, na kipimo cha 3, 4, 5 kinaziba pengo hilo. Siku anakinunua Mwanza, anunue na paketi mbili za nyembe zake. Asipofanya hivyo, mwezi wa tatu atakuwa amepachika wa kunyolea, na wa nne atakuwa anafungua skrubu.